Wakimbizi Nairobi: maswali ambayo watafiti, majirani na wakimbizi wenyewe huniuliza

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mkalimani wa watafiti wanaokuja kuwahoji wakimbizi hapa Nairobi. Kazi yangu ni kukaa katikati: mhojaji upande huu na daftari lake, mhojiwa upande ule na mtoto mapajani. Ukikaa katikati unaulizwa na pande zote. Mwanafunzi anauliza sheria inasemaje, mwenye ploti anauliza kama atashikwa akimpangisha nyumba Mkongomani, na mkimbizi anauliza lile swali ambalo sijaona fomu yenye nafasi yake: haya yote mnayoandika yananifaa nini? Hapa nimeweka yale yanayorudi mara kwa mara. Mimi si wakili, na penye maoni yangu utayajua tu.

Kisheria, mkimbizi ni nani?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1951 kuhusu wakimbizi, ukisomwa pamoja na Itifaki yake ya 1967, unamtaja mtu aliye nje ya nchi yake ambaye ana hofu yenye msingi kwamba atateswa kwa sababu ya rangi yake, dini, uraia, kundi la jamii alimo au msimamo wake wa kisiasa. Kenya ilijiunga nao 1966. Nchi za Afrika ziliona vazi hilo linabana, kwa hiyo mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukapitisha mkataba wake Addis Ababa na kuongeza anayekimbia uvamizi kutoka nje, kukaliwa au kutawaliwa na wageni, au matukio yanayovuruga vibaya amani katika sehemu ya nchi au nchi nzima. Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya 2021 imebeba fafanuzi zote mbili.

Tofauti hiyo si ya darasani. Mama aliyetoka Masisi, mashariki mwa Kongo, kwa sababu kijiji kizima kiliwaka hana haja ya kuonyesha kwamba yeye binafsi, kwa jina lake, ndiye aliyekuwa akisakwa. Nimekaa kwenye mahojiano ambapo mtafiti, tena mwenye nia njema, alimbana mtu nusu saa nzima: "Lakini walikutafuta wewe kwa nini?" Mtu hakuwa na jibu kwa sababu swali lenyewe halikumhusu. Risasi haikuwa imeandikwa jina.

Mwomba hifadhi je?

Ni yule aliyeomba na bado hajajibiwa. Sheria inampa siku 30 tangu aingie nchini ajitokeze kuomba. Wakati anasubiri, naye analindwa na kanuni kuu kuliko zote katika mambo haya, ile ya kifungu cha 33 cha Mkataba wa 1951: mtu harudishwi mahali ambapo uhai wake au uhuru wake uko hatarini.

Waliobomolewa nyumba Mathare baada ya mafuriko ya 2024 nao ni wakimbizi?

Hawakuvuka mpaka, kwa hiyo si wakimbizi kwa maana ya Mkataba. Ni wakimbizi wa ndani, na kwa hao Kenya ina sheria yake ya 2012, ambayo haiishii kwenye vita na ghasia. Inataja pia majanga ya asili na miradi mikubwa ya maendeleo. Mtu aliyehamishwa kupisha barabara yumo. Watu wengi mtaani hushangaa kusikia hivyo.

Mwezi Mei 2024, matingatinga yakiwa kwenye kingo za mito, Rais alitangaza kwamba kila familia iliyoondolewa itapewa shilingi 10,000. Sitabishana kama zilitosha. Swali la mtafiti lingekuwa: familia ni nani? Mathare kuna mwenye chumba, kuna mpangaji wake, na kuna kijana aliyekodishwa kona na mpangaji kwa mia mia za kila wiki. Jina linaloandikwa ni la nani kati yao?

Jambo hili tulikwisha kuliona. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwang'oa zaidi ya 600,000 makwao. Waliokaa kwenye mahema walionekana, wakahesabiwa, wakapigwa picha. Waliokimbilia kwa shangazi Kawangware au kwa binamu Githurai walipotea kwenye orodha, na wengi wao hawakupata fidia ya maana. Ukarimu wa ndugu uliwageuza kuwa watu wasiohitaji msaada.

Nairobi ina wakimbizi wangapi?

Kenya nzima ina zaidi ya 800,000, ukijumlisha na waomba hifadhi. Zaidi ya nusu wametoka Somalia, halafu wanafuata wa Sudan Kusini. Wengi wako kwenye kambi za Dadaab, iliyoanza 1991, na Kakuma, iliyoanza 1992, pamoja na Kalobeyei iliyo jirani na Kakuma. Waliosajiliwa mijini, hasa Nairobi, ni kama laki moja hivi.

Tahadhari na hiyo laki. Kuna aliyesajiliwa Kakuma ambaye watoto wake wanasoma Umoja. Kuna aliyesajiliwa Nairobi ambaye kila mwisho wa mwezi yuko Nakuru akiuza vitenge. Kuna ambaye hakujisajili kabisa kwa sababu anaogopa orodha yoyote yenye jina lake. Alikotoka, orodha ndizo zilizotumika kuwachagua wa kuuawa. Takwimu inahesabu kadi, na mtu na kadi yake si lazima walale chumba kimoja.

Ni halali mkimbizi kuishi Nairobi badala ya kambini?

Jibu fupi: ndiyo, kama amesajiliwa mjini au ana kibali. Jibu refu lina historia, na historia hii kila anayetaka kuandika sera anapaswa aijue kwa kichwa.

Desemba 2012 Serikali iliagiza wakimbizi wote wa mijini warudi kambini. Shirika la Kituo cha Sheria, pamoja na wakimbizi wenyewe, likaenda Mahakama Kuu. Tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja akaifuta amri hiyo, akieleza kwamba inavunja utu na uhuru wa kutembea, na kwamba Serikali haikuonyesha uhusiano kati ya watu hawa na tishio la usalama lililotajwa. Miezi miwili baadaye magaidi wakashambulia jengo la maduka la Westgate, hapa Nairobi. Machi 2014 amri ikarudi kwa sura nyingine, na Aprili ikaja operesheni ya Usalama Watch: Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, ilizingirwa na maelfu ya watu wakapelekwa kukaguliwa Uwanja wa Kasarani. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge likapitisha kikomo cha wakimbizi 150,000 kwa nchi nzima. Februari 2015 Mahakama Kuu ikakitupilia mbali. Februari 2017 Jaji John Mativo naye akazuia kufungwa kwa Dadaab.

Ukiangalia mfululizo huo utaona kwamba kwa karibu miaka mitano sera ya wakimbizi ya Kenya iliandikwa mahakamani. Mwanafunzi anayeniambia anataka "kuathiri sera" huwa namwuliza kwanza kama amesoma hukumu ya 2013. Mara nyingi hajaisoma, ila ana nadharia tatu.

Sheria ya 2021 ilianza kutumika Februari 2022, na bado ina maeneo maalumu ya wakimbizi kukaa. Anayetoka kambini anatakiwa awe na kibali cha kusafiri. Ndiyo maana utamwona mtu amekaa kiti cha nyuma cha basi la kutoka Lodwar akiwa amekunja karatasi mfukoni kama pesa ya mwisho.

Kwa nini kila mkimbizi ukimhoji analeta habari za makaratasi?

Swali hili ndilo nililotaka kufika.

Mwaka jana tulikuwa Kayole, nyumba ya chumba kimoja, pazia la maua likitenganisha kitanda na jiko. Mtafiti alikuwa na maswali kuhusu "ustahimilivu". Mama mwenye nyumba hakungoja swali la kwanza. Alitoa bahasha ya kaki chini ya godoro, akapanga karatasi moja moja kitandani kama mtu anayepanga karata: cheti cha usajili kilichokunjwa hadi kikakatika, kikaungwa kwa selotepu, kadi ya kliniki ya mtoto, nakala ya kadi ya mkimbizi iliyokwisha muda, na kipande cha karatasi cha miadi. Hicho cha miadi kilikuwa na tarehe iliyochapishwa, ikakatwa kwa kalamu, ikaandikwa nyingine, nayo ikakatwa, ikaandikwa ya tatu. Mara tatu alikuwa ameacha kuuza mandazi, akapanda matatu mbili kwenda, mbili kurudi, akaambiwa mtambo hauko sawa, arudi.

Sasa fuata kamba hiyo. Kadi imekwisha muda. Alipopoteza simu alikwenda duka moja kurudisha laini yake, akaambiwa kadi iliyokwisha muda haikubaliki. Bila laini hana M-Pesa. Bila M-Pesa wateja wa mandazi wanaolipa kwa simu, na Nairobi siku hizi ni wengi, wanakwenda kwa jirani. Kodi ya nyumba anaituma kwa simu ya mtoto wa jirani, naye anakata hamsini kila mara. Mama huyu ana haki zote zilizoandikwa katika Sheria ya 2021. Kinachomla ni tarehe iliyopita kwenye plastiki.

Kwa maoni yangu, nusu ya tunachokiita "ulinzi wa wakimbizi" mjini hapa ni kazi ya karani dirishani. Mawazo ya sera yanayofuata kutoka hapo si ya kifahari wala hayatampa mtu kiti kwenye kongamano la hotelini: kadi iendelee kutambuliwa hadi mpya itoke, mradi mtu ana karatasi ya miadi, karatasi hiyo ya miadi iwe na namba ambayo polisi, benki na duka la simu wanaweza kuihakiki, miadi ikiahirishwa, mtu atumiwe ujumbe kabla hajapanda matatu. Gharama yake ni ndogo. Nimewahi kuyasema kwenye kikao, na aliyenijibu aliniambia kwamba huo ni "upande wa utekelezaji", kisha tukaendelea na rasimu ya dira.

Mkimbizi anaruhusiwa kufanya kazi?

Anaruhusiwa. Kuna kibali cha kazi cha Daraja M, mahususi kwa wakimbizi, nacho hakilipiwi ada. Kukipata ndiyo kazi: barua hii inadai barua ile, na waajiri wengi hawana muda wa kusubiri. Ndiyo maana wengi wanajiajiri kwa ushonaji, saluni, mandazi, kuuza vitenge au kufundisha lugha.

Kuna jambo jingine linalonisumbua ambalo halijadiliwi vya kutosha. Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuacha kwa hiari hadhi ya ukimbizi na kufaidi haki za mwananchi wa Jumuiya. Iliposainiwa, Novemba 2021, maneno hayo yaliwagusa wachache kiasi. Kisha Kongo ikaingia Jumuiya 2022, na Somalia ikakamilisha uanachama wake 2024. Sudan Kusini ilikuwemo tayari. Ghafla wakimbizi walio wengi Kenya ni, kwenye karatasi, wananchi wenzetu wa Jumuiya.

Inavutia, mpaka uulize maswali mawili. Utathibitisha vipi kwamba wewe ni mwananchi wa nchi ile? Kwa pasipoti, na pasipoti inatoka kwa serikali ileile uliyoikimbia, kwenye ubalozi ambao hutaki ujue unakoishi. Na ukishaacha hadhi, hali ikichafuka, unairudisha vipi? Anayetafuta mada ya shahada ya uzamili aache kwa muda "mitazamo ya vijana kuhusu utangamano" aje achimbe hapa.

Mpango wa Shirika ni nini?

Ni mpango wa Serikali uliozinduliwa Machi 28, 2025, unaotaka kuzigeuza kambi za Kakuma na Dadaab ziwe makazi ya kawaida, wenyeji na wakimbizi wakitumia shule moja, zahanati moja na soko moja, chini ya serikali za kaunti badala ya mashirika kuendesha kila kitu kivyake. Wazo ni zuri. Mtu aliyezaliwa Ifo, moja ya kambi za Dadaab, mwaka 1992 sasa ana watoto, na kumwita "wa muda" ni kumdhihaki.

Wasiwasi upo wa aina mbili. Wenyeji wa Turkana na Garissa, kaunti zenye kambi hizo, wanauliza ardhi ni ya nani na nani aliwauliza. Wakimbizi wanauliza kama "kujitegemea" ni jina jipya la kukatiwa chakula. Maswali yote mawili ni ya haki. Kwa upande wetu wa Nairobi, uzito wa mpango uko kule kaskazini, na mkimbizi wa Kayole anausikia redioni kama habari za mvua ya mkoa mwingine.

Misaada iliyokatwa 2025 imegusa Nairobi?

Imegusa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na wakati huohuo ikafunga mlango wa kuwapokea wakimbizi; watu waliokuwa wameuza godoro na sufuria wakisubiri ndege walirudi kununua godoro. Mgao wa chakula kambini ukapunguzwa sana katikati ya mwaka, na kulizuka maandamano Kakuma. Baadaye Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) likaanza kugawa kwa makundi, wenye shida zaidi wakipata zaidi na wengine wakiachwa nje ya mgao.

Nairobi tunaliona hili kwenye simu. Zamani aliye mjini akikwama aliweza kupata unga au mafuta kutoka kwa ndugu wa kambini mwenye kadi ya mgao. Sasa simu inalia kutoka kule: "Kaka, tutumie hata mia mbili." Wengine hawapigi simu, wanapanda basi.

Kwani wakimbizi si mzigo? Hawachukui kazi zetu?

Hili huulizwa na majirani, na silidharau. Mtu akikosa kazi hataki kusomewa ripoti. Lakini ripoti zipo. Benki ya Dunia ilikadiria 2016 kwamba uwepo wa wakimbizi Kakuma uliongeza pato la Turkana kwa zaidi ya asilimia 3. Miaka miwili baadaye IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulikia biashara binafsi, likakadiria soko la Kakuma na mji wake kuwa la takriban dola milioni 56 kwa mwaka. Kwa Nairobi huhitaji ripoti: simama Eastleigh saa nne asubuhi uone wafanyabiashara wa Meru, Kisii na Kampala wanapakia marobota.

Ila wastani huficha mtu. Soko likikua, mwenye duka anafaidi, na mpangaji wa Kikenya anayeishi jirani anaweza kupandishiwa kodi. Utafiti unaosema "wote wanafaidi" bila kumtafuta huyo mpangaji hautamshawishi, na ukweli ni kwamba hautakiwi umshawishi.

Mimi ni mwanafunzi, nataka kufanya utafiti na wakimbizi. Nianzie wapi?

Anzia kwenye leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako. Kama unakwenda kambini utahitaji pia idhini ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Soma Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa sababu sauti unayoirekodi kwenye simu yako, pamoja na jina na mtaa wa mtu anayejificha, ni mali ya hatari. Nimemwona mtafiti akitumia kundi la WhatsApp kupanga mahojiano na watu ambao hawapaswi kujuana. Alikuwa mtu mwema kabisa.

Mambo mengine hayamo kwenye mwongozo wowote, kwa hiyo nitayasema kama yalivyo.

Usimhoji mtu mbele ya mume, mchungaji au mwenyekiti wa jamii aliyekuleta. Ukimlipa nauli, mlipe kabla ya maswali, ili ajue anaweza kunyamaza au kuondoka. Mlipe kama ungelipa siku yako iliyopotea. Mkalimani usimwokote mlangoni: uliza anatoka upande gani wa vita. Kwa Wakongo wa Kivu, kwa Wasomali wa koo tofauti, kwa Waethiopia wa Oromia na wa Tigray, sauti ya mkalimani peke yake inaweza kumfunga mtu mdomo. Mimi mwenyewe nimewahi kuomba nitolewe kwenye mahojiano baada ya dakika tano kwa sababu niliona macho ya mzee yamebadilika aliposikia lafudhi yangu.

Fomu ya ridhaa isome kwa sauti, kwa Kiswahili cha watu. "Ushiriki wako ni wa hiari" huwa naitafsiri hivi: ukikataa, hakuna atakayekasirika, na kesi yako haitaguswa. Hapo ndipo mabega hushuka.

Na rudi. Yule mama wa Kayole alikuwa na kadi tano za biashara za watafiti waliotangulia, kazibana kwa klipu ya nguo. Aliniambia kwa Kiswahili cha kwao: "Banakuya, banaandika, banaenda." Wanakuja, wanaandika, wanaenda. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza misimu.

Kuna jambo gani halijatafitiwa vya kutosha?

Kila mtu ana orodha yake. Hii ni yangu. Siku ngapi za kazi mtu hupoteza kwa kila karatasi anayoipata. Hakuna anayezihesabu, na kuhesabu ni rahisi: wape watu ishirini madaftari kwa mwaka mmoja. Pili, waliokataliwa hifadhi: tukishaandika "amekataliwa" kwenye jedwali tunamsahau, lakini mtu bado yupo Kasarani anakula na kulala. Tatu, wenye ploti. Wao ndio sera ya makazi ya wakimbizi mjini hapa, wanaamua nani aingie kwa amana ya miezi mingapi, na hakuna anayewahoji.

La nne, wale wa Garissa. Wakati wa ukame maelfu ya Wakenya walijiandikisha kambini wapate chakula, alama za vidole zikachukuliwa, na walipokwenda kuomba kitambulisho wakaambiwa ni wakimbizi. Njaa iliwavua uraia. Kesi yao inaonyesha kuliko mhadhara wowote jinsi hifadhidata inavyoweza kumfanya mtu mgeni kwao.

Wazo la sera linafikaje mahali linaposikika?

Katiba inalazimisha ushirikishwaji wa umma. Muswada au kanuni zikitangazwa, mtu yeyote anaweza kuandika maoni, na haijasemwa popote kwamba lazima yawe ya kurasa arobaini. Kurasa mbili zenye mfano mmoja wa kweli na kifungu unachotaka kibadilishwe zinasomwa. Arobaini zinawekwa chini ya kikombe. Ngazi ya kaunti nayo ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano, wa sasa ukiwa wa 2023 hadi 2027. Anayetaka wakimbizi wawemo kwenye ujao aanze kuhudhuria vikao vya wadi sasa, hata kama mjadala ni wa mitaro. Watu hao hao wa mitaro ndio watakaopiga kura.

Na usiwaache mashirika ya wakimbizi wenyewe nje ya mlango. Yapo mengi mitaani, mengine yana ofisi ya meza moja. Yanaalikwa kutoa ushuhuda, yanapigiwa makofi, kisha bajeti inajadiliwa yakiwa yameshaondoka kuwahi matatu.

Mkimbizi akikamatwa afanye nini?

Aseme jina lake na hadhi yake, na aombe kupiga simu. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa muda huo ukiangukia siku ambayo si ya mahakama. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi miongoni mwa wanaostahili msaada huo. Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya wana mawakili wa kesi hizi. Nakala ya kadi iachwe kwa jirani unayemwamini, maana ukiwa seli huwezi kuitoa chini ya godoro.

Nikikubali kuhojiwa na mtafiti, kesi yangu ya kupelekwa nchi ya tatu itasonga?

Hapana. Hata kidogo. Mtafiti hana uwezo huo, na anayekudokeza kwamba anao mkimbie.

Wasomali wana neno, buufis, la ile hamu ya kwenda ng'ambo inayomkalia mtu kifuani hadi anaacha kuishi alipo. Dunia nzima wanaopata nafasi ya nchi ya tatu hawafiki asilimia moja ya wakimbizi kwa mwaka, na tangu 2025 mlango umekuwa mwembamba zaidi. Huduma za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ni za bure kuanzia usajili hadi safari. Mtu akikuomba elfu tano "kusukuma faili", hajawahi kuliona hilo faili.

Mtoto wangu amezaliwa hospitali ya Pumwani, hapa Nairobi. Yeye ni Mkenya?

Si kwa kuzaliwa hapo tu. Uraia wa Kenya kwa kuzaliwa hufuata wazazi, haufuati hospitali. Lakini anastahili cheti cha kuzaliwa kama mtoto mwingine yeyote, na elimu ya msingi ya bure na ya lazima ni haki ya kila mtoto kwa kifungu cha 53 cha Katiba, hakikutaja uraia. Chukua karatasi ya kujulisha kuzaliwa kabla hujatoka hospitali, hakikisha majina yameandikwa kama yalivyo kwenye kadi yako, herufi kwa herufi, na ukamsajili kabla ya miezi sita. Baada ya hapo inakuwa usajili wa kuchelewa, na foleni yake ni nyingine.